Vifaranga Wote Wana Doa

Kila asubuhi kabla ya skuli, Nahla huwamwagia vifaranga pumba katika banda lililo nyuma ya nyumba yao, Kiuyu. Siku hiyo mkono ulikuwa bado ndani ya kopo aliposikia hodi. Alikuwa Bi Ummkulthum, muuza mikate ya mayai, na kikapu kitupu kwapani.

“Shikamoo, Bi.”

“Marahaba. Nimefuata matetea wangu niliowaagiza. Majimbi usinitilie. Sijaona jimbi anayetaga.”

Mama alicheka jikoni. Nahla alitabasamu, kichwa juu. Kijiji kizima kilijua kwamba yeye hutenganisha vifaranga majike na madume wangali wachanga. Jogoo wao alikuwa mwekundu, na kuku wao majike wana mistari myeusi na myeupe. Watoto wao huwa weusi: mwenye doa jeupe kichwani ni jogoo, asiye na doa ni tetea. Hajawahi kukosea.

Akamwinua mmoja. Ana doa. Mwingine, doa. Wote walikuwa na doa.

Ndipo alipokumbuka. Jogoo mwekundu alikufa wakati wa masika, wakaazima wa jirani yao, Mzee Mmanga, mwenye mistari. Baba akiwa na mistari, doa huwapata watoto wote, majike kwa madume.

“Mbona umeduwaa? Nimeacha moto,” alisema Bi Ummkulthum.

Nahla angeweza kuchukua wenye doa dogo na kusema ni matetea. Bi angeamini, mpaka siku ambayo nusu yao wangeanza kuwika.

“Bi, hawa siwajui,” alisema polepole. “Baba yao ni mwingine. Tusubiri wakue, wanaotangulia kuota kilemba chekundu kichwani ndio majogoo.”

“Ala. Sifa zote zile, leo macho yamefumba?”

Nahla aliinamisha uso. Bi Ummkulthum akakitundika kikapu mlangoni pa banda.

“Basi niwekee. Nitasubiri. Wengine wangenijazia majimbi na kuniaga kwa tabasamu.”

Alipoondoka, Mama alitoka jikoni, mikono ina unga.

“Utachelewa skuli,” alisema.

Nahla alikuwa amefika njiani aliposikia akiitwa.

“Hilo la kuchelewa silo nililotaka kusema,” Mama alisema. “Watu wakikusifu mimi hufurahi, ila sikwambii. Leo umekiri hujui, ingawa jina lako lilikuwa hatarini. Kwa hiyo kesho ukisema unajua, utaaminiwa. Najivunia wewe, mwanangu.”