Nguzo ya Kati

Asubuhi yenyewe haikuwa na neno. Jua la Agosti lilikuwa kali, sufuria kubwa ya jamu ya plamu ilikuwa ikitokota uani, na Zlatina, mwalimu aliyerudi Dolni Orah kuandika historia ya mji wake, alikuwa akigombana na meya kwenye simu. Daraja la mto lilishachukuliwa na maji mara tatu. Kila lilipojengwa upya meya alikata utepe, akachoma kondoo, akahutubia kuhusu mababu mashujaa. Mababu hao hao ndio waliong'oa mawe ya daraja la kale wakajengea mazizi.

"Hilo usiliandike, mwalimu," meya alisema.

"Niandike lipi basi? La kondoo?"

Zlatina akakata simu. Ndipo mama yake, Velika, alipoingia na chungu kitupu mkononi. Alikuwa ametoka kuwapelekea mafundi wa daraja maharage, kama kawaida yake. Akaketi. Akasema anasikia baridi.

Wiki ile akaacha kula. Daktari akasema ni umri. Zlatina akamuuliza kama umri humwingia mtu kati ya mlango na kiti. Daktari akaandika vitamini.

Jirani yao, bibi Trena, alipokuja kumjulia hali mgonjwa, alimvuta Zlatina jikoni.

"Nani alitangulia kupita darajani siku ile?" alinong'ona.

"Bibi, usianze."

"Fundi hupima kivuli cha mtu kwa uzi mwekundu, uzi akauzika ukutani mwa daraja. Daraja linasimama, mtu analala. Siku arobaini hazimpiti."

"Hayo nimeyasoma chuoni. Ni hekaya."

"Haya. Kaa na chuo chako."

Akakaa nacho, amenuna, hadi mchana mmoja alipofungua pazia ili mama apate jua. Velika aliinua glasi ya maji anywe. Ukutani kikaonekana kivuli cha glasi. Cha mkono hakikuwapo. Glasi ilielea peke yake, ikainama, ikanyweka.

Zlatina alichukua nyundo.

Mto ulikuwa umekauka hadi vifundoni. Fundi Gavril alikuwa kwenye kivuli cha nguzo, anatafuna mkate na jibini. Alipoiona nyundo akaacha kutafuna.

"Gavril, maharage ya mama yangu umeyala tangu hujaota ndevu."

"Nilidhani atapita mbwa," alisema, macho chini. "Siku zote mbwa hutangulia."

"Na alipopita mama?"

"Jua lilishampiga, mwalimu. Kivuli kilishaanguka juu ya jiwe. Na meya kasema likianguka tena hili, tusimkanyagie ofisini."

"Uzi uko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Nguzo ya kati.

"Ila ngoja jua lizame kwanza. Nakuomba."

"Nimengoja meya, nimengoja daktari, sasa nikungoje na wewe?"

Akapiga. Akapiga tena. Jiwe likatoka. Ndani kulikuwa na uzi mwekundu, urefu wa mwanamke mfupi. Chokaa ilishakauka. Uzi ulikuwa umelowa. Ulikuwa na joto.

Akauvuta. Mle ndani kitu kikashusha pumzi.

"Mwalimu," Gavril alinong'ona nyuma yake. "Toka juani."

Zlatina akatazama mbele yake. Kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya nguzo, mkono umeinua nyundo. Kichwa kilikuwa ndani ya tundu.

Akarudi nyuma.

Kivuli kilichelewa kumfuata.

Jioni ile Velika alikula mabakuli mawili ya maharage na kulalamika kuwa hayana chumvi. Zlatina alicheka hadi machozi. Kisha akaenda kutafuta sweta.

Baridi ile haikumtoka. Daktari akaandika vitamini. Plamu za mwisho hazijaanguka, Zlatina akazikwa.

Masika maji yalikuja kuliko mwaka wowote. Yalibeba mazizi, yakabeba kibanda cha mafundi. Daraja halikutikisika. Meya akakata utepe, akachoma kondoo, akawashukuru mababu.

Kwenye nguzo ya kati kuna doa jeusi lenye umbo la mwanamke aliyeinua mkono. Meya ameagiza lipakwe rangi nyeupe, tena na tena. Asubuhi lipo. Safari hii mkono uko juu zaidi.

Velika hakwenda makaburini na ngano ya kuchemsha, ile wanayopelekewa marehemu. Hushuka mtoni kila siku na chungu cha maharage, akakiweka chini ya doa.

"Kula, mkaidi wewe," husema. "Uliambiwa ungoje. Kungoja kungekuua?"

Jibu analijua.

Mchana hurudi kuchukua chungu. Hukikuta kitupu, kijiko kimefunikwa kifudifudi, kama alivyokuwa akikiweka Zlatina tangu utotoni.

"Ni mbwa," Gavril humwambia kila mara, bila kumtazama.

Lakini tangu tundu lile lizibwe, hakuna mbwa wa Dolni Orah aliyekubali kukaribia daraja lile.