Kiraka cha Pafu la Kushoto

Mapafu ya kwenye kompyuta hayapumui mpaka yaamriwe. Yale ya dada yake yalipumua kabla Fundi hajagusa kitufe.

Pale hospitalini walimwita Fundi kwa sababu kazi yake ilikuwa kuunganisha picha za skani za mgonjwa zikawa mapafu kamili ndani ya kompyuta, kisha kuyajaribia dawa humo kabla mtu mwenyewe hajapewa. Safari hii mgonjwa alikuwa mdogo wake wa kike, mapafu yamejaa makovu. Dawa zilikuwa mbili. Moja ingemwokoa, nyingine ingemmaliza, na daktari alitaka jibu kabla ya jioni.

Dada alikuwa amekohoa ndani ya mashine ya skani, na sehemu ya chini ya pafu la kushoto ikatoka ukungu mtupu. Fundi akafanya wanavyofanya wenzake wote wa kazi ile: akakata kipande cha picha ya mgonjwa mwingine wa umbo kama lake, akakibandika. Kilikuwa cha marehemu mmoja, mchukuzi wa magunia, ambaye wauguzi walimwita Kifaru. Alikufa amefungwa kamba kitandani, akitukana kwa sauti zisizo zake. Fundi alilijua hilo. Kwake pafu lilikuwa pafu.

Sasa chumba kilinuka magunia yaliyolowa. Ndani ya spika mtu alivuta pumzi, akaizuia.

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Kaka, njoo wodini. Njoo taratibu, usikimbie."

Dada alikuwa amesimama juu ya kitanda, yeye ambaye asubuhi alishindwa kuinua kikombe, na mkono wake mmoja ulikuwa kooni kwa daktari, naye anampigiza ukutani, tena na tena, miwani ikavunjika, kisha pua, damu ikatapakaa kwenye shuka na kwenye mtungi wa oksijeni, na mtu mzima yule akining'inia kama nguo kwenye kamba.

"Umeniingiza mwenyewe," akasema dada kwa sauti nzito ya kiume. "Unashangaa nini?"

Shangazi yao, mganga wa siku nyingi, alikuwa amejibana nyuma ya kiti cha wageni. "Umemtia nini mtoto huyu?" akanong'ona.

"Kiraka, shangazi. Cha maiti."

"Hata fundi cherehani huuliza kitambaa kimetoka wapi. Kisomo chote kile."

"Nitakitoa."

"Kitoe, lakini umpe pa kwenda. Jini hafukuzwi akakae barazani. Asipopata kifua kingine, atakivunja hiki."

Fundi akarudi kwenye kompyuta, akaanza kukata, na kila alipokata mayowe yalipenya ukuta, na katikati ya mayowe akasikia mbavu za dada yake zikivunjika, moja, kisha nyingine, naye akaharakisha hata akawa anakata nyama nzima pamoja na kiraka, na spika ikacheka, ikakohoa, ikamwita kwa jina alilopewa na mama yao, jina ambalo pale kazini hakuna aliyelijua.

Kifua kingine. Siku mashine ilipoletwa, wafanyakazi wote walipigwa picha ili ijaribiwe. Akaifungua yake. Akakibandika kipande pale, chini, kushoto.

Mayowe yakakatika.

Dada alipigwa picha upya, safari hii bila kikohozi. Jibu likapatikana, dawa ikamkubali. Baada ya wiki kadhaa daktari, pua ingali na bandeji, alimruhusu kutoka.

Dada akaenda kumuaga kaka yake kwenye chumba cha kompyuta. Alimkuta ameketi, mkono wa kulia ameukalia.

"Umenuna nini? Nimepona, bwana. Hata mbavu zimeunga."

Fundi alizuia pumzi mpaka macho yakamtoka, lakini kifua kikavuta chenyewe, na mkono ukaanza kujichomoa chini ya paja, vidole vimetanuka, ukijinyoosha kuelekea shingo ya dada.

"Toka nje," akasema, kwa ile pumzi kidogo iliyokuwa bado yake. "Ufunge mlango kwa ufunguo. Hata nikikuita kwa sauti yangu, usifungue."