Aliyeitika Kabla ya Tshiela

Siku ya pili ya masomo Tshiela alifika darasani amechelewa, akaambiwa kwamba amekwisha kufika.

“Keti, Mademoiselle,” alisema Tata Stany, mwalimu wa Kichina, bila kuinua macho. “Nimekuita, umeitika. Sasa unatoka wapi tena?”

Darasa likacheka. Tshiela naye akacheka, akijua ni rafiki yake Mado. Nani mwingine? Tangu université walikuwa wanaitikiana hivyo: huyu akikosa, yule anabadili sauti kidogo, anajibu “présente”, na profesa anaendelea na usingizi wake. Bila huduma hiyo nusu ya licenciés, wenye shahada wa nchi hii, wangekuwa première année, mwaka wa kwanza, mpaka leo.

“Aksanti, yaya,” alimnong'oneza, yaani dada, akijibana kando yake kwenye benchi.

“Ya nini?” Mado akauliza, akageukia dirisha.

Ilikuwa saison sèche, kiangazi, baridi ya asubuhi inakata masikio na vumbi la malori ya madini linakaa juu ya kila kitu, hata juu ya ulimi. Getini pa Centre Mapambazuko, ukitoka Kolwezi kuelekea Nzilo, walikuwa wamepaka rangi ubao wa cours de vacances, masomo ya likizo: soudure ya vyuma, pâtisserie ya keki, conduite d'engins ya kuendesha mitambo, anglais, chinois. Mwaka mzima ni shule ya watoto. Likizo ikifika, watoto wanaenda kucheza na wenye diplôme wanakuja kubana magoti chini ya madawati yao. Tshiela alikuwa na licence ya droit, shahada ya sheria, mention distinction, iliyotundikwa kwa mama yake mahali ambapo inaziba ufa wa ukuta. Kila bureau aliyobisha hodi ilimwomba expérience, uzoefu wa kazi, na expérience, kama kila mtu ajuavyo, watu huzaliwa nayo, ikiwa mjomba wao ni chef wa personnel. Ndiyo maana Kichina. Kampuni moja iliahidi kuchukua mkalimani kutoka darasa lile. Mmoja tu. Kwa nafasi hiyo moja Tshiela aliamka gizani, akakariri maneno akiwa anafua, akaota anahesabu nyanya kwa Kichina.

Somo la kwanza lilikuwa kuitika. Ukiitwa jina husemi “présent”, unasema “dao”, na sauti lazima ianguke kutoka juu mpaka chini, kama jiwe linaloachiwa shimoni. Tshiela hakuiweza. Dao yake ilipanda, kama ya mtu anayeuliza bei ya samaki na kushtuka.

Kesho yake aliwahi, akakaa peke yake benchi la nyuma ili asikie vizuri kosa lake mwenyewe.

“Tshiela!”

Alifungua kinywa. Pumzi yake ilikuwa bado kifuani.

“Dao,” ilisema sauti nyuma ya visigino vyake, ikaanguka sawasawa, na mwisho wa kuanguka kwake ukasikika kama umegusa maji.

“Enfin, Tshiela! Très bien!” Tata Stany akashangilia.

Akageuka. Nyuma yake kulikuwa na ukuta. Chini ya ukuta, saruji ya sakafu ilikuwa imepasuka, na ule mpasuko ulikuwa unatoa harufu ya udongo mbichi, ya chuma kilicholala majini, ya shati la mchimbaji, wakati nje hapakuwa na tone la mvua tangu Pasaka. Mbele, Mado hakugeuka kama wengine. Alikuwa ameinama, mabega yanatetemeka, na hakuwa anacheka.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kumtangulia. Muuza mikate alimwambia, “Si umetoka kununua saa hii?” Jirani alikataa salamu yake, maana walikwisha kusalimiana. Na jioni moja, yeye akiwa anachota maji kwenye robinet, bomba la getini, mama yake, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Tshiela kwa jina la mwanawe huyu wa pekee, aliita kutoka jikoni, “Tshiela, leta makala!” akitaka makaa ya kupikia, na kabla Tshiela hajaweka ndoo chini, chumbani mwake mwenyewe, nyuma ya pazia alilolishona kwa mkono wake, sauti yake mwenyewe ikaitika, “Dao, mama, minakuya,” kisha zikaja nyayo zenye maji, chwa, chwa, zikielekea jikoni bila haraka, na ile harufu ikatangulia mpaka uani, na mama akatoka ameshika mwiko, akamwona binti yake getini, akatazama pazia linalocheza bila upepo, akatazama tena getini, na mwiko ukamponyoka.

“We iko apa?” alinong'ona. “Basi ni nani ananipitishia makala?”

Asubuhi Tshiela alimkamata Mado nyuma ya vyoo vya centre.

“Minakuuliza kwa upole, Mado. Njo we unaitikaka mu nafasi yangu?”

“Hapana. Mi nilikujibia paka mara moja tu.”

“Nani alikuwa anaita?”

Mado alitazama ardhi kama ardhi ina masikio. “Siku ya kwanza nilibaki mwenyewe mu kiasa ya Tata Stany, nafuta ubao. Nikasikia banauliza kule chini: ‘We nani?’ Yaya, bote tunajua iko nini chini ya ile kiasa. Ile shimo ilianguka na bachimbaji ndani, hakuna mwenye alitolewa, patron akamwanga béton ya saruji juu. Nikajua ni mwenye shimo, ule hapana muntu. Nikajibu.”

“Ukasema nini?”

“Nikasema, ‘Mi ni Tshiela.’”

“Jina langu.”

“Njo yenye ilikuya ku kinywa!”

“Na yako ilikuwa wapi? Ilienda kuchota maji?”

Mado akaanza kulia, na Tshiela, mjinga wa distinction, alikuwa karibu kumpa kitambaa chake.

“Juu ya nini haukuniambia, tukaenda kwa bantu ba kuomba?”

“Nilitaka. Kisha nikasema, akiogopa, ataacha cours. Poste ni moja, Tshiela. We iko na distinction. Mi iko na nini?”

Walikuwa wamekula sahani moja miaka yote ya université. Tshiela alirudisha kitambaa mfukoni.

Jumamosi akaenda na mama yake kwa Mama Adolphine, mwanamke aliyeosha madini mtoni ujana wake wote, na sasa anaombea watu kwa maji na chumvi ndani ya kapela yake ya mabati. Wengine huko wanasema jini, wengine mukishi. Yeye hakujali jina gani.

“Hicho kitu hakina kwao na hakina mama,” alisema polepole. “Kina jina tu, lenye kilipewa. Bachimbaji, chini, hawaitani majina ya kweli. Banaitana Commando, Kipara, vile. Njo sababu. Sasa ule rafiki hawezi kurudisha jina, halikuwa lake. Atakayelirudisha ni mwenye alilipana, mama muzazi.” Akamshika Mama Tshiela mkono. “Leo, saa ya kula, mutoto abaki inje. We simama mu mulango, umuite. Kitaitika cha kwanza. Useme: ‘Hapana, si we nilizala.’ Basi, kitarudi mu shimo. Lakini angalisho, mama. Ukikiita kula, umekizala.”

“Nilizala huyu!” Mama Tshiela akapiga kifua. “Mi, na tumbo yangu! Si shimo! Nitasema ata mara mia.”

Walipofika karibu na nyumbani, Mado alikuwa anawakimbilia, viatu mkononi, uso umekuwa wa majivu.

“Tshiela, ulikuwa wapi asubuhi yote?”

“Kwa Mama Adolphine.”

“Basi hapana we.” Akaangusha viatu. “Bachinois ba ile kampuni balikuya na jeep. Balikuita, ukasimama. Ulikuwa na kitambaa yako ya kichwa, na uso yako. Uliongea Kichina paka Tata Stany akakaa chini. Balikupatia poste. Balikupatia na badge, na avance ya mushahara. Lakini pale ulikanyaga, yaya, palibaki maji.”

Mama Tshiela alianza kutembea mbele yao, haraka kuliko goti lake linavyoruhusu.

Jua lilipokuwa linazama, Tshiela alisimama nje ukutani, meno yanagongana. Kutoka ndani ilikuja harufu ya nyama ya ng'ombe, nyama ambayo nyumba ile haikuijua tangu Noeli, na chini ya harufu ya nyama, ile nyingine, ya udongo mbichi. Kupitia mlangoni aliona mfuko mzima wa unga wa mahindi umesimama kama mgeni wa heshima, na kando yake mgongo wa mtu aliyechuchumaa akisonga bukari, mgongo anaoujua, kitambaa anachokijua, kamba ya badge shingoni, na maji yakitambaa kutoka chini ya miguu ile, taratibu, mpaka kwenye kizingiti ambapo mama yake alikuwa amesimama pekupeku, na mama hakusogeza mguu, na Tshiela akajua, kabla ya lolote kusemwa, akajua kama mtu anavyojua kwenye bureau, kabla chef hajafungua mdomo, kwamba nafasi imekwisha kupewa mwingine.

“Tshiela!” mama aliita.

“Dao, mama,” kikaitika ndani.

“Sema,” Tshiela alinong'ona. “Mama, sema.”

Mama alimtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa, na hakuyafuta.

“Unisamehe, mutoto wangu,” alisema kwa sauti ndogo ambayo wa ndani asingeisikia. “Ule iko na kazi.”

Kisha akamgeuzia mgongo, akaita kwa nguvu na kwa furaha, vile mama anavyomwita mtoto aliyerudi amechoka:

“Tshiela, kuya tukule!”

Mlango ukafungwa. Nje, Tshiela alifungua kinywa aitike, na kilichoingia ni vumbi la malori.