Maziwa Yaliyofunikwa Blanketi

Alfajiri, mke wa Chapuchapu alikaa kwenye kigoda akamkamua ng'ombe wao. Mumewe alisimama mlangoni mwa banda, baiskeli tayari mkononi. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu hata chai aliinywa amesimama.

Ndoo ilipojaa, Chapuchapu aliifunika, akaizungushia blanketi la kitandani kwao, akaifunga nyuma ya baiskeli.

"Blanketi letu tena?" mkewe aliuliza. "Anayetetemeka hapa ni mimi."

"Maziwa yakifika na joto lake, mama watoto, watajua ni ya sasa hivi."

Alijivunia hilo. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye kituo cha kukusanyia maziwa.

Lakini siku hiyo kituo kilikuwa na mpokeaji mpya, mtu makini. Alimimina maziwa kidogo kwenye chombo kirefu, akatumbukiza laktomita, yaani kipimo cha kioo kinachoelea. Maziwa mazuri hukiinua. Yakitiwa maji, kipimo huzama zaidi. Katika maziwa ya Chapuchapu, kilizama.

"Mzee, haya yana maji. Siyapokei."

Watu kwenye foleni walitazamana. Mmoja alikohoa kikohozi kisicho cha mafua. Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nyumbani alimuuliza mkewe bila kumtazama usoni. "Ulisuuza ndoo ukasahau kumwaga maji?"

"Unaniuliza kama nimesahau, au kama mimi ni mwizi?"

Chapuchapu alichukua jembe akatoka. Kuondoka huko kulimuuma mkewe kuliko swali lenyewe. Kutwa nzima walizungumza kupitia watoto.

Kesho yake Chapuchapu alikamua mwenyewe. Aliikausha ndoo kwa kitambaa safi, hakumruhusu mtu kuisogelea, akaizungushia blanketi na kuondoka mbio. Kipimo kikazama tena.

"Ikitokea tena nitaiambia kamati ya kituo," mpokeaji alisema. "Wanaotia maji huondolewa."

Chapuchapu alirudi akiikokota baiskeli. Sasa alijua mkewe hana kosa, na aliona aibu.

Jioni hiyo alikuja mtaalamu wa mifugo, mwanamke waliyezoea kumwita Daktari, kumchanja ng'ombe. Aliwakuta kila mmoja amempa mwenzake kisogo.

"Kuna msiba hapa?"

"Kuna maji," mke alijibu, "na hakuna aliyeyatia."

Wakamsimulia. Daktari akaliona blanketi kwenye baiskeli, akauliza ni la nini. Alipoambiwa, alicheka hadi akafuta machozi.

"Shemeji, umeyavalisha maziwa kama mtoto mchanga."

Aliomba maziwa ya jioni, yaliyokamuliwa muda huohuo. Akatoa laktomita yake mkobani, akapima. Ikazama. Kisha akaiweka ndoo kwenye beseni la maji baridi, akawa anayakoroga maziwa kwa mwiko safi. Yalipopoa, akapima tena. Kipimo kikapanda.

"Umeongeza nini?" Chapuchapu aliuliza.

"Sijaongeza kitu. Nimepunguza joto. Maziwa yakiwa na joto hutanuka, yanachukua nafasi kubwa zaidi, lakini uzito wake haubadiliki. Kwa hiyo kikombe cha maziwa yenye joto ni chepesi kidogo kuliko kikombe hichohicho cha maziwa yaliyopoa. Uzito wa kitu katika nafasi fulani ndio tunaouita densiti. Densiti ikipungua, kipimo kinazama."

"Ndiyo maana mafuta ya kupikia hushuka kwenye chupa kukiwa na baridi?" mke aliuliza. "Nami nilidhani kuna mtu anayachota." Akamtazama mumewe. "Ila mimi sikumshuku mtu."

Chapuchapu aliinamisha kichwa.

"Ni hivyohivyo," Daktari alisema. "Mafuta hutanuka zaidi kuliko maziwa. Chuma hutanuka kidogo mno, lakini hutanuka. Mlango wenu wa chuma haukwami wakati wa jua kali?"

"Unakwama," Chapuchapu alisema. "Nimeupiga nyundo bure."

"Basi yapozeni maziwa mara tu mnapokamua. Maji ya beseni yasifike kwenye mfuniko. Maziwa yaliyopoa pia hayaharibiki upesi. Nami nitamkumbusha mpokeaji apime joto kwanza."

Asubuhi mume na mke waliongozana kituoni, wakiisukuma baiskeli polepole. Mpokeaji alipima joto, kisha akatumbukiza laktomita. Ikasimama palepale panapotakiwa.

"Mazuri kabisa," alisema. "Mnisamehe."

"Ngoja, wa kwanza kuomba radhi ni mimi." Chapuchapu alimgeukia mkewe mbele ya foleni yote. "Mama watoto, nilikushuku. Nilikosea. Nisamehe."

Yule wa kikohozi alianza kukagua viatu vyake.

"Nimekusikia," mkewe alisema, na kwa mara ya kwanza tangu juzi akatabasamu. "Blanketi liko wapi?"

"Kitandani."

"Libaki hukohuko."

Alfajiri iliyofuata mke alilala, amejifunika hadi shingoni. Bandani, mumewe alimaliza kukamua, akaiweka ndoo kwenye beseni. Hakukuwa na la kukimbilia mpaka maziwa yapoe. Basi Chapuchapu akavuta kigoda, akanywa chai yake ameketi.