Umeme wa Saa Sita na Nusu

Kila siku ya kazi, saa sita na nusu mchana, nyumba ya Shallon ilivuta wati elfu moja kwa dakika arobaini, na ndani hamkuwa na mtu.

Hilo ndilo lilikuwa tatizo, wala halina pambo. Mlango umefungwa, mwenye nyumba yuko kazini, ufunguo uko kwenye mkoba wake, na umeme unaliwa. Hauliwi na friji, maana friji huvuta kidogo kidogo kama mtu anayesinzia. Huu ulipanda ghafla, ukakaa juu, ukashuka, ukapanda tena. Révérien alikuwa fundi wa sola mwaka wa kumi na moja sasa, na hakuhitaji kuambiwa. Ilikuwa pasi. Mtu alikuwa anapiga pasi.

Yeye na Shallon walikuwa wamekutana Nyabugogo, stendi kuu ya Kigali, mwezi wa tatu. Révérien alikuwa ametoka kununua paneli mbili kwa muuza jumla, amesimama nazo karibu na lango la stendi akingoja gari la kuzipandisha Gisozi. Wapagazi wanasukumana, makondakta wanaita Huye, wanaita Musanze, vumbi na moshi vinagombania pua za watu. Mara mwanamke akaja kusimama mbele yake. Gauni la kitenge cha manjano limembana kiunoni, malapa miguuni, viatu vya kisigino mkononi. Wala hakumtazama Révérien. Alitazama kioo cha paneli, akatoa rangi ya mdomo.

"Kaka, usitikisike kwanza."

"Dada, hii iko paneli ya sola. Haiko kioo cha saluni."

"Iko inanionyesha vizuri kuliko cha nyumbani. Inua kidogo. Eh, mikono inatetemeka! Hukula asubuhi?"

"Nilikula. Inatetemeka sababu yako."

"Banange! Watu wote hawa wa Nyabugogo, nimeangukia kwa mwongo." Akafuta pembe ya mdomo kwa kidole. "Na hizi zako zinafanya kazi kweli? Mimi kashi pawa inanimaliza. Ninanunua umeme leo, kesho umeisha."

"Inategemea paa lako linatazama wapi."

"Paa langu halitazami wanaume."

Révérien alicheka hadi paneli ikataka kumponyoka. Alipoondoka pale alikuwa na namba ya simu.

Shallon alikuwa mjane wa miaka thelathini na minne, mtoto wa wakimbizi aliyekulia Mbarara, Uganda, sasa akifanya kazi mapokezi kwenye kliniki moja huko Nyarutarama. Mumewe Gatera alikufa kwa ugonjwa wa ini miaka mitatu nyuma, akamwachia nyumba mlimani Gisozi, juu ya soko la mafundi la Agakiriro, pale ambapo hata maseremala siku hizi wanaendesha misumeno yao kwa jua. Révérien, Mrundi wa mji wa Ngozi, alifunga paneli sita juu ya paa lile kwa siku mbili. Angeweza kumaliza kwa moja. Aliifanya mbili.

Sasa lazima niseme jambo ambalo mafundi wenyewe hawapendi lisemwe. Mashine hizi za sola huzungumza na simu. Fundi akimaliza kufunga, humwekea mteja kipimo kwenye simu yake, na yeye fundi hubaki nacho mwezi mmoja, kama kuna hitilafu aione. Mwezi ukiisha, anafuta. Révérien hakufuta. Wala si kwa Shallon tu. Alikuwa na nyumba arobaini na moja ndani ya simu yake, na kila asubuhi kabla ya kunawa uso alizipitia. Huyu wa Kimironko anachemsha maji saa kumi. Yule wa Kacyiru taa yake haikuzimwa, mgonjwa amezidiwa. Nyumba moja ya Nyarutarama ilikuwa inawasha chumba kimoja cha kulala, sasa inawasha viwili. Hakuiba kitu. Aliwatazama tu, mistari inapanda na kushuka, kama mtu anayeweka mkono kifuani kwa watu waliolala.

Saa kumi na moja na dakika arobaini birika la Shallon likipanda, Révérien anapiga simu.

"Umeamka, sheri?"

"Wewe uko mchawi? Sasa hivi nimeweka maji!"

"Moyo wangu unaniambia."

"Huo moyo uambie uniletee na maziwa."

Miezi mitano ikapita hivyo. Jumamosi mishikaki na ndizi za kuchoma, Jumapili wanabishana nani aende kanisa la nani. Shallon akimcheka Kifaransa chake, Révérien akimcheka anavyosema "kumbe" kila baada ya neno la tatu. Alimpenda. Hilo lisitiliwe shaka.

Mstari wa saa sita na nusu aliuona wiki ya tatu tangu afunge. Akajiambia ni Shallon, anarudi nyumbani kula, anapiga pasi kidogo. Akauzoea.

Siku aliyochagua kumwomba waoane ilikuwa Alhamisi. Alimchukua kazini saa ya mapumziko, wakakaa kwenye mgahawa mdogo Nyarutarama, kibarazani. Shallon alikuwa na sare nyeupe ya kliniki na hereni za pembe ya ng'ombe. Révérien alikuwa amevaa shati jipya, bado lina mikunjo ya dukani.

"Shallon, nataka nitume watu kwenu. Mahari tuongee. Nataka unijibu kabla sijapoteza akili."

"Kumbe una akili ya kupoteza?" Lakini macho yake yalikuwa yamelowa. "Sema tena, Reve. Pole pole. Nataka niisikie vizuri."

Alikuwa anafungua mdomo simu ikatikisika mezani. Akatupa jicho kwa mazoea. Nyumba ya Gisozi. Wati elfu moja. Saa sita na dakika thelathini na moja, na mwenye nyumba alikuwa mbele yake, ameshika kipande cha ndizi.

"Nyumbani kwako," Révérien akasema, "sasa hivi iko nani?"

Ile ndizi ikasimama hewani. "Kwa nini unauliza?"

"Iko mtu anapiga pasi kwako. Nauliza ni mwanaume gani, na ufunguo ulimpa lini."

Uso wa Shallon uliishiwa damu. Mwanaume mwenye wivu akiona hivyo hahitaji ushahidi mwingine.

"Nani kakuambia pasi?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Reve, nani kakuambia?"

Akamgeuzia simu. Shallon aliutazama ule mstari kwa muda mrefu, kisha akashusha kidole kwenye siku zilizopita, asubuhi baada ya asubuhi, birika lake, taa yake ya chooni.

"Kumbe moyo wako ndio huu."

"Usibadilishe maneno. Mjane gani anafuga mwanaume mchana, jioni ananiita mimi sheri?"

Alisimama bila kelele. "Usinipigie," akasema, akaondoka, hata mkoba akausahau, mhudumu akamkimbilia nao.

Siku tisa Révérien hakupiga. Lakini alitazama. Ule wa saa sita na nusu ulikuja kila siku ya kazi, kwa wakati, kama muadhini. Kilichomtia baridi ni kingine. Usiku taa za nyumba ile hazikuzimwa, hata moja. Na birika la alfajiri halikupanda tena, kwa sababu mtu ambaye hajalala haamki.

Siku ya kumi simu ikalia.

"Bado unatazama?" Shallon akauliza.

Révérien akajibu, "Ndiyo."

"Angalau leo umesema kweli. Basi na mimi nisikilize. Kwenye kabati la Gatera sijaondoa kitu tangu tuondoe msiba. Nikirudi mapema, nikifungua, mashati yake yako moto. Yamenyooshwa, Reve. Kola yote. Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa, mpaka siku ile ukasema pasi."

"Na ufunguo wa pili?"

"Tulimzika nao. Mama yake aliniambia kauweka kwenye mfuko wa koti lake, ndani ya jeneza. Njoo kesho mchana. Siwezi kungoja peke yangu."

Walikaa jikoni, mlango wameuacha wazi upana wa kidole. Nje jua la Kigali lilikuwa limesimama wima, hakuna kivuli hata cha kuficha kuku. Mabati yalikuwa yanalia juu, tik, tik, kwa joto. Mchana mweupe kabisa, na Shallon alikuwa amejifunika sweta. Révérien alishika simu kiganjani. Mstari ulikuwa chini, umelala.

Ufunguo ukaingia kwenye kitasa. Ukazunguka bila kubahatisha, kama wa mtu anayerudi kwake.

Hatua zikapita, nyepesi, zikaelekea chumbani. Kabati likafunguliwa. Kisha mstari ukapanda mkononi mwa Révérien, na baada ya muda harufu ya nguo yenye joto ikaja hadi jikoni. Halafu sauti.

"Geuka."

Kimya, kadiri mtu anavyohitaji kugeuka.

"Siyo hivyo. Mkono wa pili." Kimya tena. Kisha kicheko kidogo, kile cha mtu aliyejibiwa utani.

Kucha za Shallon zilikuwa zimeingia kwenye mkono wa Révérien. "Ni mama mkwe," akanong'ona. "Ni Mama Mukankusi. Lakini anaongea na nani?"

Wakaenda. Kikongwe alikuwa amesimama kando ya kitanda, kitenge cha kahawia, shali mabegani, pasi mkononi. Kitandani shati jeupe limelazwa mikono imefunguliwa, chini yake suruali, chini ya suruali soksi, na viatu vimesimama sakafuni. Mtu mzima kabisa, amekosa mwili tu. Mama hakushtuka.

"Mmekuja wawili," akasema.

"Mama, ufunguo. Uliniambia ulizikwa naye."

"Nilisema hivyo usije ukauomba."

"Ungeniambia! Mashati yote ningekupa."

"Niyapeleke wapi? Mwenyewe anaishi hapa." Akapitisha pasi kwenye kola, taratibu. "Zamani sikuja, mwanangu. Umeme ulikuwa wa kununua, jasho lako. Ningekuwa nakuibia. Halafu huyu akaja kuweka vioo juu. Jua si la mtu. Nikasema, sasa naweza kumhudumia mtoto wangu bila kumpunguzia mtoto wa wenzangu kitu."

Kisha akamgeukia Révérien. "Na wewe? Saa yangu uliijuaje? Mimi hata padri sikumwambia."

Révérien akaonyesha simu. Alieleza vibaya, maneno yanagongana.

"Kwa hiyo ulikuwa unatuona."

"Naona umeme tu, mama."

"Ulikuwa unatuona," akarudia, na ile *tu* ya "unatuona" aliitamka bila kumtazama Shallon. Alitazama kitandani. "Alikuwa ananiambia kila siku. 'Mama, iko mtu anatutazama.' Mimi namwambia, nyamaza, hakuna mtu, simama vizuri."

Nywele za Révérien zilisimama shingoni, na pale nje palikuwa na mwanga wa kusomea gazeti.

Mama akazima pasi. Mstari ukaanguka. Akakunja mashati kumi na manne, moja baada ya jingine, akayafunga kwenye kitenge, akaweka ufunguo juu ya meza. Shallon alipiga magoti, alimshika miguu, alimwita mama mara nyingi.

"Baki mama. Njoo kila siku. Nitakupigia pasi mimi."

"Mtoto wangu hakai mahali anapotazamwa," mama akasema, akatoka juani na mzigo wake kichwani.

Walikaa kwenye ngazi, wamepeana migongo.

"Nilikuita wewe kwa sababu hakuna mwingine ningemwita," Shallon akasema mwishowe. "Bado nakupenda. Na inanikera."

"Nimefuta, sheri. Tazama. Hata zile nyingine nitafuta leo."

"Kufuta ni kuficha. Utaenda nyumba kwa nyumba. Utawaambia kwa mdomo wako, 'Nilikuwa nawatazama.' Ukimaliza zote, uje uniulize lile swali. Ukiruka moja, nitajua."

"Utajuaje?"

"Moyo wangu utaniambia," akasema, na hakucheka.

Alitumia wiki tano. Alivaa lile shati jipya, akabisha hodi, akasema. Wengine walimpa chai. Mwalimu mmoja wa Kimironko alikaa chini akalia, kwa sababu aliambiwa kitu kuhusu nyumba yake alichokuwa hataki kukijua. Nyarutarama walimfungulia mbwa. Alirudi Gisozi anachechemea, akauliza swali lake mlangoni, na Shallon akasema ndiyo kabla hajalimaliza, akamwingiza ndani, akamwosha kidonda.

Walioana mwezi wa kumi na mbili. Hivi ndivyo ilivyowagharimu.

Kati ya nyumba arobaini alizobisha hodi, kumi na tisa zilimwambia asirudi tena. Fundi mwenzake Nshimiyimana, aliyefanya naye kazi miaka saba, aliondoka, hataki jina lake litajwe na la Révérien. Paja lake la kushoto, alipong'atwa na mbwa, lilishonwa nyuzi kumi na moja. Ndoa ya yule mwalimu wa Kimironko ilivunjika. Mama Mukankusi aliletewa mwaliko mara tatu na hakuja hata mara moja. Alihamia Huye kwa binti yake, na simu ya Shallon hapokei. Jirani wa huko anasema alichimba shimo nyuma ya nyumba akafukia kitenge na mashati yote kumi na manne, na kwamba tangu siku hiyo hajaongea na mtu, aliye hai wala aliyekufa.