Ugimbi Ulioinama

Wa chini akiamka, walio juu huzama;
Nchi ikitetemeka, ni nani atasimama?

Haya yalimfika dada yangu Verediana, mwaka juzi, huko Igowole, nami nilikuwapo. Asubuhi ilianza kwa utulivu. Tulichambua maharage barazani, ukungu umelala juu ya miche ya parachichi ambayo shemeji yangu, Liberatus, aliipanda kwa kufuata kamba, mstari baada ya mstari, bila mche hata mmoja kwenda upande.

Dada alikuwa ameegemea nguzo. Miaka mitatu kabla ya hapo aliugua sikio la ndani, akalazwa majuma mawili. Ugonjwa uliondoka, kizunguzungu kikabaki. Hakikuwa kile cha kuzungusha dunia. Kilikuwa cha kuyumba, kana kwamba kila alipokanyaga pametandikwa godoro. Daktari wa Iringa mjini alimweleza kwa upole, "Sikio limepona, mama. Mishipa ya fahamu ndiyo haijaamini. Imekuwa kama mlinzi aliyewahi kuibiwa: hata jani likianguka, anapuliza filimbi." Akamfundisha mazoezi ya kuituliza: kuunganisha miguu, kufumba macho, kugeuza shingo polepole. Dada hakuyaacha hata siku moja.

Mama mkwe wake, Faustina, hakutaka kusikia.

"Mishipa gani? Wazee wamemkataa huyu."

Katika ukoo ule, kabla ya mvua za kwanza, mke wa mwana mkubwa husimama mbele ya kaburi la babu, ameshika kibuyu kipana cha ugimbi, mpaka majina ya marehemu wote yaishe kutajwa. Pombe ile haidondoki hata tone. Mwaka uliotangulia ilidondoka. Faustina, rozari shingoni, akatoa hukumu: ikidondoka tena, Verediana atarudishwa kwetu Rujewa, na watoto wake wawili watabaki.

Siku ile ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Tulikuwa watu tisa. Tulijipanga mbele ya jiwe la kaburi, miguu yetu ikipishana na miche. Fanueli, mdogo wake Liberatus, akamtazama dada anavyoyumba.

"Shemeji, umeonja kabla ya wazee nini?"

Watu wakacheka. Faustina akawanyamazisha, akaanza kutaja majina.

Dada akaninong'oneza bila kugeuka, "Mdogo wangu, pale penye jiwe pametulia. Hapa tuliposimama ndipo panapoyumba."

"Ni mishipa, dada. Daktari alisema."

"Mishipa yangu naijua, huyumba ovyo. Hii inapanda, inashuka. Inapanda, inashuka."

Mche mmoja katikati yetu ulitikisika. Upepo haukuwapo.

Nikamtazama Liberatus. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu, wala hakuwa akitazama jiwe. Alikuwa akitazama miguu yetu.

"Baba Yotamu," dada akamnong'oneza mumewe, "jiwe lilikuwa wapi kabla ya miche?"

Shemeji akaonyesha kwa kidole ule mche uliotikisika.

"Lilikatiza mstari," akasema. "Nikalisogeza. Hatua nne tu."

Faustina hakusikia. Alikuwa amefika kwenye jina la mwisho. Akalitaja jina la babu.

Ardhi ikapanda. Taratibu. Kama kifua.

Fanueli alitangulia. Aliketi kama mtoto, akatapika. Wengine wakamfuata, mmoja juu ya mwenzake. Faustina akaanguka kifudifudi, rozari ikakatika. Nami nikaanguka. Nikakumbatia udongo. Ulikuwa na joto. Joto la mtu.

Ardhi ikashuka. Ikapanda tena.

Dada akaunganisha miguu. Akafumba macho. Akageuza shingo polepole, kushoto, kulia, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka mitatu. Kibuyu kilikuwa mikononi mwake, kimejaa hadi ukingoni.

"Mwanangu," Faustina akanong'ona, mdomo umejaa udongo. "Mwanangu, usimwage."

Liberatus alitambaa hadi kwenye jiwe. Akalisukuma kwa bega. Hatua moja. Mbili. Tatu. Kwenye ya nne akaung'oa ule mche, akaliweka jiwe mahali pake.

Ardhi ikatulia. Hata tone la ugimbi halikudondoka.

Watoto wanaishi na mama yao hadi leo, na hakuna aliyetaja tena habari za Rujewa. Mstari wa parachichi una pengo. Kibuyu kimo sebuleni kwa dada, juu ya meza ambayo fundi aliipima kwa pima maji akaiona imenyooka. Ukitia maji ndani yake, huinuka upande mmoja na kushuka upande wa pili, upande wa kaburini, na kubaki vivyo hivyo.

Asubuhi ile tulisimama watu tisa. Aliyebaki amesimama ni Verediana.