Ufunguo Mmoja, Nkuhungu

Mwaka ule wa tisini na saba, kama ulitaka kuingia nyumba ya likizo ya Nkuhungu, ilibidi kwanza upite soko la Majengo. Msimamizi wa nyumba hiyo, Sikudhani, aliuza vitenge pale, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la khanga.

Zipora alifika saa nne asubuhi, gauni la kijivu, viatu vyekundu kwa vumbi. Aliponyoosha mkono kupokea ufunguo, mkono mwingine ukanyooka kando yake. Ulikuwa wa kijana mrefu, shati la mistari, pasi imepita mpaka mikunjo imesimama dede.

"Dada, huo ni wangu. Niliandika barua tangu Juni."

"Mimi niliandika Mei."

Sikudhani aliwapima kwa macho kama anayechagua nyanya. Barua zote mbili alizikubali. Wageni, alieleza bila haya, nusu yao huwa hawaji. Safari hii wamekosea, wamekuja. Vyumba vipo viwili, nao ni watu wazima.

Nyumba ilipendeza, usiseme. Mizabibu ilitambaa juu ya baraza, madirisha ya buluu yakitazama mawe ya mlimani. Ila bomba lilikohoa tu, kitanda kimoja kilisimama kwa matofali, na mlango wa choo ulihitaji mtu aushikilie. Ebenezer, ndilo jina la kijana, mwalimu wa jiografia, alisema imeumbika kama bibi harusi aliyesahau meno kwao.

Zipora hakucheka. Wala hakuwa na huzuni, huzuni angeitambua. Mwezi Julai matangazo mawili ya ndoa yake yalisomwa kanisani. Kabla ya la tatu, mchumba alimwomba mchungaji asilisome. Tangu hapo chai na maji vilikuwa na ladha moja.

Ebenezer alichota maji kwa jirani, akaleta zabibu ndani ya kofia, akamwita bosi. Zipora alizila, akashukuru kama anayejibu karani. Siku ya tano alijikuta anasikilizia hatua za Ebenezer njiani. Akajiambia anangoja maji.

Siku ya saba aliitwa kwenye simu dukani kwa jirani. Alikuwa shangazi yake, Dorkasi, aliyemlea, akipiga kutoka Mpwapwa.

"Zipora, mwenye duka anasema mumeo amepita sasa hivi na ndoo. Mume yupi?"

"Sina mume, shangazi."

"Basi ndoo ni ya nani?"

Simu ikakatika. Mwenye duka, ambaye ndiye balozi wa nyumba kumi, akamwonyesha daftari lake la wageni wa mtaa: Ebenezer na mkewe.

Zipora alirudi, akaanza kukunja nguo za safari ya kesho. Ebenezer aliapa kwamba hakuandika yeye. Zipora hakumwamini; mtu wa utani mchana kutwa angeshindwa na huo? Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Ebenezer.

Kesho yake mchana shangazi aliteremka kwenye basi, akaongozwa na Sikudhani mpaka barazani. Njiani Sikudhani alikuwa amekiri: yeye ndiye aliyeandika hivyo, balozi asije akauliza mwanamume na mwanamke wanafanya nini chini ya paa moja. Akakiri tena mbele ya Zipora.

"Shikamoo, shangazi," alisema Ebenezer.

"Marahaba. Ushangazi usubiri kwanza."

Hapo Ebenezer angeweza kunyamaza, maana alishasafishwa. Akamgeukia Zipora.

"Sikuandika mimi. Lakini siku ya pili, nikichota maji, nilikiona kilichoandikwa, nikakiacha."

"Kwa nini?"

"Nilipenda kinavyosomeka."

Zipora alihisi kitu, kwa mara ya kwanza tangu Julai. Hasira. Ndogo, lakini ya moto, na yake mwenyewe.

"Jina langu halikuwemo," alisema. "Hukuliona hilo? Mke wa daftari hana jina."

Shangazi akajitengeneza kwenye kiti. Kwao, alisema, mke hatafutwi daftarini. Mwenye nia huandika barua ya posa na kuikabidhi kwa mshenga mwenye adabu. Kisha akamtazama Zipora usoni, taratibu.

"Aandike, au nimkataze leo?"

Zipora alifunga sanduku.

"Aandike."

"Utamkubali?"

"Sijui, shangazi. Ila ikija usiifungue. Nataka niifungue mimi."